Damu ya Darajani Ina Mwenyewe

Masomo: Kumbukumbu la Torati 21:1–9 na 22:8, Nehemia 3



Katika Torati kuna sheria ambayo hatuisomi mara nyingi, na tunapoifikia tunaipita haraka kwa sababu inatisha. Mtu amekutwa amekufa uwandani. Aliyemuua hajulikani. Hakuna shahidi, hakuna wa kukamatwa. Mungu anaagiza wazee na waamuzi watoke, wapime kutoka pale maiti ilipolala hadi miji iliyo kandokando. Mji utakaoonekana uko karibu kuliko yote, wazee wake ndio watakaolibeba jambo hilo. Watatwaa mtamba ambaye hajavuta nira, watashuka naye bondeni penye kijito kisichokauka, watamvunja shingo pale pale, watanawa mikono juu yake, na watatamka mbele ya makuhani kwamba mikono yao haikuimwaga damu ile, wala macho yao hayakuiona ikimwagika.

Mungu hakuishia kwenye swali la nani aliyepiga. Aliuliza: nani alikuwa karibu?

Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara tumezungukwa na maji yanayoteremka. Tuna Rau, Karanga, Weruweru, Themi na Mkomazi, na tuna mamia ya vijito ambavyo havimo kwenye ramani yoyote lakini kila bibi kijijini anavijua kwa majina. Kiangazi unavivuka kwa kukanyaga mawe, viatu vikavu. Masika, mvua ikinyesha huko juu msituni, maji yanashuka na magogo, na matope, na mawe ambayo wanaume kumi hawayainui. Na juu ya kila kijito tumeweka kitu tunachokiita daraja: hapa magogo mawili ya mkaratusi yaliyopigiliwa mbao, pale kalavati la sentimita 60 lililofukiwa kifusi, kule zege la zamani ambalo nondo zake zimetoka nje na kutu inazila.

Mtu akifia hapo, muulize kila mmoja wetu ni nani aliyemuua. Mhandisi atakuambia bajeti haikutosha. Diwani atakuambia alishapeleka taarifa. Mwenyekiti atakuambia wananchi hawachangii. Wananchi watakuambia serikali haitujali. Kila mmoja ananawa mikono, na maji ya kunawia yako hapo hapo chini ya daraja. Lakini Neno la Mungu linakuja na kipimo chake na kusema: pimeni! Nani alikuwa karibu? Nani alipita hapo asubuhi na jioni, akauona ubao umeoza, akauruka, akaenda zake? Nani aliwahi kumwambia mtoto wake, "Ukifika darajani pita upande wa kushoto, wa kulia umelegea," na asimwambie mtu mwingine yeyote?

Wapendwa, damu ya darajani ina mwenyewe. Mwenyewe ni sisi tulio karibu. Na kabla masika nyingine haijafika, tunapaswa kuyabadilisha madaraja haya, la sivyo hatutakuwa na kinywa cha kusema kwamba macho yetu hayakuona.

Fungueni sura inayofuata, sura ya 22, mstari wa 8. Mungu aliyeziumba mbingu hakuona haya kutoa amri ya ujenzi. Anamwambia Mwisraeli kwamba akijenga nyumba mpya, ajenge ukingo kuzunguka dari, asije akaileta hatia ya damu nyumbani mwake mtu akianguka kutoka juu. Dari za nyumba zao zilikuwa bapa, na maisha yalikuwa huko juu. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini, chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda darini huko Yafa kusali. Watu walipita, walilala, watoto walicheza. Kwa hiyo Mungu akasema: weka ukingo.

Sikilizeni mpangilio wa amri hiyo. Hakusema mtu akianguka ndipo ukajenge. Hakusema subiri kamati ya uchunguzi. Amri inatangulia ajali. Mwenye nyumba anapewa hatia kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuona mbele na hakuona, alikuwa na mawe na hakuyapanga. Machoni pa Mungu, kuacha kujenga kunaweza kuwa kumwaga damu.

Hapa ndipo ninapotaka kulivunja neno moja tunalolisema misibani. Mtoto amesombwa na maji. Tumekaa kwenye turubai, tumevaa nguo nyeusi, na mtu anasimama anasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli, ndugu yangu, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini daraja lile hakulijenga Mungu! Mungu alikileta kijito kutoka mlimani ili tunywe, ng'ombe wanywe na migomba ikue. Magogo tuliyaweka sisi. Kifusi tulimwaga sisi. Ukingo uliovunjika mwaka ule tuliuacha sisi. Kuyabandika jina la Mungu makosa ya mikono yetu ni kumsingizia Mwenyezi, na kumsingizia Mwenyezi ni dhambi hata kama umesema kwa sauti ya upole na machozi yanakutoka. Tumfariji mfiwa, ndiyo. Tumwombee, ndiyo. Lakini tusimdanganye mama aliyepoteza mtoto kwamba Mungu ndiye aliyeuozesha ule ubao.

Nawaomba mfanye jambo ambalo wengi hatujawahi kulifanya. Kiangazi, maji yakiwa machache, shukeni chini ya daraja mnalolivuka kila siku. Msilitazame kutoka juu. Juu limepakwa vumbi na linaonekana zima. Shukeni. Inameni pale mguu wa daraja unapoingia ardhini, upande ule maji yanakotokea. Mara nyingi mtakuta shimo. Ingizeni mkono, na mkono utazama hadi kwenye kiwiko, wakati mwingine hadi begani, na hamtagusa udongo. Maji yamekuwa yakichimba hapo masika baada ya masika, yakiuhamisha mchanga chembe kwa chembe, mpaka msingi uliokuwa umekaa juu ya ardhi umebaki unaning'inia. Inueni macho mwone manyasi makavu na vipande vya matambara vilivyonasa kwenye tumbo la daraja: hayo ndiyo maji yalipofika mara ya mwisho. Kama yalifika hapo, mvua kubwa zaidi itapita juu.

Wahandisi wa dunia nzima wanakubaliana kwamba kinachoangusha madaraja mengi kuliko kitu kingine chochote ni maji yanayochimba misingi. Daraja haliangushwi na lori lililopita leo mchana. Lori linamalizia tu kazi ambayo maji yalianza miaka mingi nyuma, gizani, tusikotazama. Na nguvu ya maji haiongezeki kidogo kidogo: kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Ndiyo maana daraja lililostahimili mvua za miaka kumi linaweza kuondoka usiku mmoja.

Makalavati nayo yana kifo chake. Mdomo wa sentimita 60 unatosha kwa maji ya siku za kawaida. Ukija usiku wa mvua kubwa, unaletewa shina la mgomba, matawi ya mti, na mifuko ya takataka tuliyoitupa sisi wenyewe mtoni. Mdomo unaziba. Tuta la barabara linageuka bwawa. Maji yanapanda, yanapita juu, yanaula udongo wa upande wa pili, na alfajiri barabara imekatika katikati, na dereva wa bodaboda anayekuja kwa taa moja halioni shimo mpaka tairi la mbele limeingia. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani iliziba kwa takataka za mafuriko. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta. Tuta lilipopasuka, maji yakavishukia vijiji watu wakiwa wamelala, na makumi wakafa. Njia moja ya maji, imeziba.

Na tusiwasahau wanakwaya wa Mwingi, huko huko Kenya. Tarehe 4 Desemba 2021 walipanda basi kwenda kuimba harusini. Njiani ulikuwepo mto Enziu, umejaa, na daraja lake la chini limefunikwa na maji. Basi likaingia. Watu zaidi ya 30 walikufa siku hiyo mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni wakipiga kelele. Walikuwa wanakwenda kwenye furaha, wamevaa vizuri, na nyimbo ziko midomoni mwao! Wala tusiwasahau watoto wetu wa Muriet, hapa Arusha, Aprili 2024, ambao gari lao la shule lilisombwa na maji ya korongo asubuhi wakipelekwa darasani. Korongo lile kiangazi ni mchanga mtupu. Maji ya kina cha sentimita 30 tu, yakiwa na kasi, yanaweza kuliinua gari dogo kutoka barabarani. Yakifika sentimita 60 yanayazoa magari mengi. Ni maji ya kufika magotini, au kuyapita kidogo.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara kuu ya kwenda Lindi upande wa Kilwa, taifa zima lilisikia. Waziri alikwenda, mitambo ilikwenda, mawe yalimwagwa usiku na mchana. Ilikuwa haki. Lakini daraja dogo la kijito chetu likikatika, ni gazeti gani litaandika? Hakuna malori ya mafuta yaliyokwama hapo. Aliyekwama ni mama aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku, amekaa nyuma ya pikipiki, na zahanati anaiona taa yake ng'ambo. Aliyekwama ni mkulima ambaye maziwa yake yataganda kabla ya kufika kwenye gari la kukusanyia. Waliokwama ni wanafunzi wa darasa la pili, walioshikana mikono, kila mmoja anamwogopea mwenzake. Na Bwana wetu alisema waziwazi kwamba tulichowatendea wadogo hao, tumemtendea Yeye. Anayesimama upande ule wa kijito akisubiri kuvuka ni Yesu.

Sasa niseme na sisi wenyewe, maana hukumu huanza katika nyumba ya Mungu.

Kuna vijana wanachimba mchanga chini ya daraja. Wanaujaza kwenye malori, unauzwa mjini, na kwa mchanga huo tunajenga nyumba zetu nzuri. Kila koleo linaondoa ardhi inayoshikilia mguu wa daraja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa. Tunaijua. Tunalima hadi kwenye maji na kuchimba hadi chini ya nguzo. Kijana wangu, najua una njaa na una watoto. Lakini mchanga ule ni msingi wa njia ya mama yako. Acha! Uhame hapo leo, na sisi tuliokununua mchanga tutubu pamoja nawe.

Kuna wanaong'oa vyuma vya kingo usiku na kuviuza kama chuma chakavu, kwa bei ya chakula cha siku mbili. Kuna wanaonunua vyuma hivyo na hawaulizi vimetoka wapi. Mungu aliagiza ukingo uwekwe, ninyi mnauondoa. Kuna wenye malori wanaopitisha tani 15 za mawe juu ya daraja lililojengwa kwa ajili ya tani chache, kwa kuwa njia ile ni fupi na haina mzani. Kuna mkandarasi anayepunguza saruji kwenye zege, kiongozi aliyechukua asilimia kumi yake kabla jiwe halijawekwa, na msimamizi aliyesaini cheti cha kazi ambayo hakwenda kuitazama. Nawaambia mbele za Mungu: mfuko wa saruji uliouiba hauko nyumbani kwako. Uko chini ya maji, unahesabiwa, na siku mtu atakapoanguka utasimama kama shahidi.

Na kuna dhambi ya sisi wengine, ambayo ni kubwa kuliko zote kwa sababu ni ya watu wengi: kunyamaza. Tunachangishana kwa bidii vigae vya kanisa, vyombo vya muziki, kiti cha mchungaji. Nabariki kila shilingi iliyotolewa kwa moyo. Lakini tunawezaje kutandaza vigae ndani ya nyumba ya Bwana, wakati njia ya kuifikia nyumba hiyo inapita juu ya magogo yaliyooza? Bibi ambaye hajaja ibadani tangu Machi, si kwamba imani yake imepoa. Hawezi kuvuka.

Najua kuna atakayesema, "Mchungaji, hiyo ni kazi ya serikali." Ndiyo! Na kwa sababu ni kazi ya serikali, nenda ukaidai. TARURA, wakala wa barabara wa serikali, ilianzishwa mwaka 2017 ili barabara za vijijini na mijini ziwe na mwenyewe, na mtandao unaoisimamia unazidi kilomita 144,000. Ni mzigo mzito, na wahandisi wake wengi wanafanya kazi kwa moyo. Lakini fedha za barabara si hisani ya mtu. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kila ulipopanda bodaboda kwenda sokoni, ulitoa. Kila gunia la mahindi lililosafirishwa, lilitoa. Mama muuza nyanya ametoa bila kujua. Kwa hiyo anapoingia ofisini kuulizia daraja, asiingie ameinama kama mwombaji. Anaulizia chake.

Na njia ya kuulizia ipo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Ni wa kila mtu mzima anayeishi kijijini. Wangapi kati yetu tunakwenda? Tunawaachia watu 20 chini ya mwembe, kisha tunalalamika miezi tisa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake inapikwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Juni limechelewa. Ombi lisilo na muhtasari wa kikao halina miguu. Jambo lililosemwa mkutanoni liandikwe, liende kamati ya maendeleo ya kata, liende halmashauri, liende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala ibaki mikononi mwetu yenye muhuri wa kupokelewa. Mbunge naye aulizwe kuhusu Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009 kwa kazi za namna hii hasa. Tuulize kwa heshima, tuulize kwa upendo, lakini tuulize kila mwezi. Yule mjane wa Injili hakwenda kwa kadhi mara moja.

Lakini kudai hakutuondolei jasho. Someni Nehemia sura ya 3, sura inayoonekana kavu, majina juu ya majina. Ni mojawapo ya sura tamu kuliko zote kwa mtu mwenye daraja la kujenga. Kuhani mkuu Eliashibu ndiye anayetajwa wa kwanza, yeye na makuhani wenzake, wameshika mawe. Viongozi wa dini hawakubariki kazi na kuondoka. Wanafuata wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanyabiashara, watu ambao mikono yao haikuzoea chokaa. Shalumu anajenga na binti zake! Wengi wanatengeneza sehemu iliyo mbele ya nyumba zao wenyewe. Na Roho Mtakatifu hakuficha aibu: wakuu wa Tekoa wanaandikwa kwamba hawakutia shingo zao katika kazi ile. Karne zimepita na tungali tunasoma kwamba walikataa. Kijiji nacho kina kitabu chake. Utaandikwa wapi?

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wa Uchagani waliyapitisha maji kwenye mifongo, yaani mifereji, kutoka makorongoni hadi shambani, kwa majembe na akili, na siku ya kusafisha mfongo asiyetokea alitozwa. Wazee wa Upare walijenga ndiva za kuhifadhi maji ya usiku, na kila kaya ilijua zamu yake. Tunalo neno la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na tunajua ngoma yake, au pembe yake, inavyoita. Damu ya watu wale imo ndani yetu. Je, sisi wenye simu, saruji na malori tushindwe kwenye kijito cha mita nne?

Mawe tunayo. Bwana amemwaga mawe kwenye mabonde yetu kana kwamba alijua. Huko Kigoma, na huko Kasese nchini Uganda, wananchi na wahandisi wamejenga madaraja ya upinde wa mawe: mawe ya pale pale, mchanga, saruji, na mikono ya mafundi wa kijijini. Kwanza wanasimamisha umbo la miti, kama nusu ya gurudumu. Wanapanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili hadi yakutane katikati. Yakishika, miti inaondolewa na mawe yanabaki yamebanana. Uzito unaopita juu unazidi kuyabana. Hayana nondo za kuoza wala mbao za kuliwa na mchwa, na gharama yake ni sehemu tu ya ile ya daraja la zege na nondo. TARURA wanayajua na wanayajenga. Tukiwa na mawe yaliyokusanywa, kokoto zilizopondwa, na orodha ya watu walioahidi siku zao za kazi, tutafika mezani kwa mhandisi na nusu ya jawabu mikononi.

Lakini nawasihi: msijenge bila mhandisi. Bidii bila ujuzi imeua watu. Urefu wa daraja, upana wa mdomo wa maji, kina cha msingi, hayo aseme mwenye elimu yake, akiwa ameonyeshwa na wazee maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko makubwa. Mzee ana kumbukumbu, mhandisi ana hesabu. Wakae pamoja.

Tena, daraja halina dhehebu. Ndugu zetu Waislamu wamefundishwa na Mtume wao kwamba kuondoa njiani kitu kinachodhuru ni sehemu ya imani. Basi mchungaji na amfuate imamu, na katekista awafuate wote wawili. Ijumaa litangazwe msikitini, Jumapili litangazwe kanisani, na Jumamosi ya msaragambo tukutane kijitoni na makoleo. Mtoto anayezama haulizwi anasali wapi.

Kwa hiyo nawaagiza, ninyi wazee wa kanisa, na ninyi umoja wa wanawake, na ninyi vijana wa kwaya. Kabla ya mwezi huu kwisha, tembeeni kijito chote cha mtaa wenu tangu juu hadi chini. Kila kivuko kiandikwe: mguu umechimbwa au haukuchimbwa, mbao nzima au mbovu, kingo zipo au hazipo, maji hufika wapi. Orodha hiyo isomwe mkutano mkuu wa kijiji, na waumini wote muwepo. Mnada wa sadaka wa Jumapili moja katika kila robo ya mwaka, kuku wale na mikungu ile ya ndizi, uwe wa saruji ya daraja. Kila kaya ilete mawe, na aliye mgonjwa aletewe lake na jirani; Israeli walipovuka Yordani makabila yote kumi na mawili yalibeba jiwe, hakuna lililosamehewa. Kabla ya vuli na kabla ya masika, makalavati yazibuliwe. Na mvua ikinyesha kabla hatujamaliza, basi wekeni mti wenye alama nyekundu kando ya maji, na mtu wa zamu. Maji yakifika kwenye alama, asivuke mtu, hata akiwa anachelewa harusi, hata akiwa ni mimi nachelewa ibada. Afadhali mahubiri yakose mhubiri kuliko nyumba ikose baba.

Nawe uliye na cheo unayesoma maneno haya, diwani, mtendaji, mhandisi, mkandarasi, sikuandikii kwa chuki. Umepewa nafasi ambayo makuhani na wafalme wangeitamani: unaweza kuokoa watu ambao hutawajua kamwe majina yao. Saini yako moja, iliyowekwa kwa wakati na kwa haki, inaweza kuvusha kizazi. Iweke! Usisubiri jeneza likukumbushe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuwekea milima na maji, tusamehe usingizi wetu. Tusamehe mchanga tuliouza, vyuma tulivyong'oa, vikao tulivyovikimbia, na pole tulizotoa mahali palipohitaji mawe. Wafariji waliopoteza wapendwa wao katika vijito vya nchi hii na vya jirani zetu. Wape wahandisi wetu uaminifu, na viongozi wetu haraka ya haki. Utupe mikono migumu na mioyo laini. Utuamshe Jumatatu asubuhi tungali na moto huu, na masika ijayo itukute tumemaliza kazi.

Katika jina la Yesu Kristo. Amina.